Athari

Saa moja na nusu asubuhi, ofisi ya ardhi, Ibra.
Mezani pangu sheria mpya, kurasa sitini na moja,
na juu yake, limefungwa kwa uzi wa kijani,
faili la shangazi yangu.

Sheria ni nzuri. Nimeisoma mara tatu.
Kifungu cha tisa kinasema na mabomba:
kila mwali unaowaka jangwani usiku kucha
upimwe, uandikwe, ulipiwe.
Kifungu cha kumi na nne kinasema na udongo:
anayetaka kugeuza shamba kuwa viwanja
aeleze kwanza udongo wake umeshika nini.

Umeshika nini!
Umeshika mitende sabini na miwili,
arobaini kati yake imebaki magogo, vichwa vimeliwa na kiu.
Umeshika pete ya Bi Rayya, ya mwaka wa harusi,
iliyomponyoka akikata majani ya mbuzi.
Umeshika kitovu changu, hatua nne kutoka kwenye ndimu.

Fomu inataka tani.

Hewa ukaa, nasoma. Sijui nani aliipa jina hilo,
wanasema limetoka kwenye makaa,
mimi nasikia kukaa:
mgeni aliyepanda juu bila kubisha hodi,
akakaa, akakaa, wajukuu wakamkuta.

Ukurasa wa tano: Tathmini ya Athari.
Hapo kalamu ikagoma.

Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili,
babu alirudi nacho kutoka Wete,
nacho na kinu cha mbao, basi.
Na kwa Kiswahili chetu athari ni kovu,
ni kile kinachobaki jambo likishaondoka.
Lakini kwa watu wa falaji, hapa hapa Ibra,
athari ni maji.
Nusu saa ya maji, yako, kwa jina lako,
mchana ikipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa,
usiku kwa nyota, na mwenye kulala zamu imempita.
Watu walinunua athari, waliozea wake kwa athari,
waliwekea msikiti wakfu athari moja ya alfajiri.

Bi Rayya anazo tatu. Karatasi yake ni ya ngozi.
Mfereji wake una vumbi tangu mwaka juzi.

Nikampigia simu.
"Shangazi, wanauliza athari."
"Tatu. Si unajua?"
"Si hizo. Shamba likiwa nyumba, hewa itakuwaje."
Akanyamaza. Nikasikia redio yake, na mbuzi.
"Na huyo mwenye moto wa jangwani," akasema,
"yeye ana athari ngapi huko juu? Nani alimgawia?"
Nikasema kipo kifungu. Cha tisa.
"Analipa?"
"Analipa, shangazi."
"Akishalipa, moto unazimika?"

Nilifungua kifungu cha tisa tena, kana kwamba sikukijua.

"Haya, usinichoshe," akasema. "Muhuri lini?
Thuwaini ameshashusha matofali mlangoni,
vyumba kumi na viwili, kila chumba na kiyoyozi chake.
Mimi sitaki. Lakini mtende haulipi ada ya chuo."

Angekuwa mtu baki ningemaliza kabla ya chai:
Matumizi ya awali: kilimo. Hali: kimekufa. Pendekezo: kibali.
Mistari mitatu, na magogo yanaondoka kwenye hesabu ya nchi
kama jino la mtoto linavyotupwa juu ya paa.

Nikaandika, kwenye kisanduku cha ukurasa wa tano:
Tatu.

Kompyuta ikaniwekea mstari mwekundu.
Taja kipimo.

Kipimo.
Nikageuka ukutani, kivuli cha fremu ya dirisha
kilipokuwa kimegusa kalenda nilipoinua simu.

Kilikuwa kimeshasogea.